Nati Zangu Zinatazama Juu

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza alfajiri, ikanyesha hadi saa nne, kisha ikachoka. Mimi sijachoka. Kiuno kinauma, makalio yana alama za gunia, na bado nina hamu ya kugombana na mtu.

Naandika polepole kwa kidole gumba, maana simu ni ndogo na kidole kimeungua mara nyingi kwa kazi yangu ya kuchomelea vyuma. Shule niliiacha darasa la sita kwa miguu yangu mwenyewe. Mwalimu hakunifukuza, ingawa alifurahi.

Habari ya leo ni yubolti. Kwa asiyejua, ni chuma kilichokunjwa kama herufi U. Kinaikumbatia ekseli, ule mhimili wa magurudumu, na kuibana kwenye springi, na nati zake zinaning'inia chini. Kwenye lami hazina ubaya. Lakini Robhi haendeshi kwenye lami.

Robhi ni mjane wa Machochwe. Ana pikapu moja kuukuu, na ndiyo inayopeleka mjini Mugumu mahindi na wagonjwa wa kijiji chake. Njiani kuna kivuko cha mawe. Nati zikigonga jiwe zinalegea, na yubolti inakatika. Mwezi uliopita ilikatika katikati ya maji, ekseli ikahama, na mama mjamzito akabebwa mgongoni hadi ng'ambo. Alijifungua salama. Lakini tangu siku hiyo watu wanaiangalia ile pikapu kama ng'ombe mgonjwa, hawapandi, na Robhi hana kazi nyingine.

Akaja kwangu hapa Nkende. Akasema shikamoo baba, nikaitika, nikamwambia yubolti simfungii tena. Nitamchomelea kitu kingine.

Fundi Idrisa akasikia. Huyu ana gereji mtaa wa pili na cheti ukutani ndani ya fremu. Babu yake alitoka Tanga, nasi tunataniana tangu ndevu zake zilipoanza kuota. Alikuja na ovaroli safi kama ya harusi, akamwambia Robhi mbele yangu kwamba ekseli haichomelewi, na kwamba mzee huyu atamuua yeye na abiria wake.

Nikamjibu kwamba cheti chake hakijawahi kuvuka mto.

Robhi akacheka. Mimi nikacheka zaidi, ili wasijue kwamba na mimi naogopa.

Maana ukweli ni huu. Zamani, nikiwa na kiburi kuliko sasa, kama hilo linawezekana, nilimchomelea mtu wa Susuni springi yenyewe moja kwa moja kwenye ekseli. Hakuna bolti, hakuna nati, moto tu. Niliona nimemaliza ufundi wa dunia. Nikagonga alama yangu, nukta tatu, kama sisi Wakurya tunavyomtia ng'ombe alama ili kila mtu ajue ni wa nani. Wiki ya pili springi ikakatika kama biskuti. Springi ikishapata moto, kwa macho ni nzima, ndani imekufa. Gari liliingia kwenye shamba la mihogo, hakuna aliyeumia. Mwenyewe akakata kile kipande chenye alama, akakiweka mlangoni kwangu, akaondoka bila salamu.

Ninacho mpaka leo. Nakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Watu wakiuliza nasema ni chuma tu.

Tangu hapo sijawahi kugonga nukta tatu kwenye kazi ya chini ya gari.

Kwa hiyo safari hii nilijua moto usiguse wapi. Springi niliiweka mbali kabisa, barazani, kama mkwe. Nikakata mabamba manene, nikayachomelea kwenye ekseli yawe kikalio cha springi. Nilichoma kidogo kushoto, kidogo kulia, nikasubiri, ekseli isijipinde. Kisha nikafunika kwa majivu, chuma kipoe kwa hiari yake. Siku mbili. Ndipo springi ikakaa juu, ikabanwa kwa bamba na bolti nne zilizonyooka. Nati ziko juu, zinatazama mbinguni kama walokole. Chini hakuna kinachoning'inia.

Sisi wachomeleaji wa huku tuna sheria ambayo haikuandikwa: ukichoma kitu cha chini ya gari, unapanda wa kwanza, na unakaa juu ya gurudumu. Nikamwambia Idrisa kama anatamani kuniona nikifa, aje leo asikose. Akaja na mfuko wake wa zana.

Robhi alipakia mahindi gari zima. Nikakaa juu ya gurudumu la kushoto. Kufika kivukoni, maji yalikuwa ya magotini, na watu wa kijiji wamejipanga ng'ambo kama wanasubiri maiti. Tukavuka. Tukarudi. Mara ya tatu Robhi alilipanda lile jiwe kubwa kwa makusudi, mwanamke yule ana roho ngumu, tukaanguka kwa kishindo hadi meno yangu mawili ya mbele yakasalimiana.

Ekseli haikuhama.

Idrisa akaingia chini ya gari na ovaroli yake ya harusi, kwenye tope. Akapaka mafuta ya taa kwenye michomeleo, akafuta, akapaka chaki. Pakiwa na ufa, mafuta huchora mstari kwenye chaki. Tukasubiri. Chaki ikabaki nyeupe. Nati moja ilikuwa imelegea kidogo, akaikaza mwenyewe. Nilikuwa nimeshamwambia Robhi kwamba baada ya safari ya kwanza lazima zikazwe zote, lakini nikamwacha akaze.

Akatoka, uso una tope, akaniangalia.

"Mzee, mbona hujaweka alama yako?"

Nikamwambia macho yangu mabovu, nilisahau.

"Hujasahau," akasema. "Weka, au umwambie huyu mama kwa nini huweki."

Mjukuu wa Tanga huyu. Robhi alikuwa amesimama na funguo mkononi, ananisubiri mimi, na wale watu wa kijiji, waliotuzunguka sasa, wananisubiri pia.

Nikaomba nyundo yake na tindo. Nikaingia chini kwa kiuno changu kibovu. Nikagonga kwenye uso wa bamba, mbali na mchomeleo. Moja. Mbili. Ya tatu ikakaa upande.

Nilipotoka, mama mmoja alikuwa ameshapanda na debe lake.

Sasa niko nyumbani. Kile kipande cha Susuni bado kinazuia mlango, na hakitoki. Kesho mawe yatakuwa palepale mtoni. Na atakayetaka kujua ni nani aliyechoma ile ekseli, ainame asome.