Penina Amelipiwa Yerusalemu

Tirtsa upo?? Sabato imeisha, simu ndiyo kwanza naiwasha. Nina wivu!

Penina anakwenda Yerusalemu! Mwaka mzima wa kujitolea na kusoma Torati. Programu ileile ninayojiwekea pesa kwa kuoka mikate kwenye lile duka la mtaa wa Norwood!

Yeye kaomba tu, kapewa. Leo sinagogini watu wanainuka: "Nauli juu yangu!" "Ada juu yangu!" Binamu yangu huyu, bingwa wa kusinzia darasa la Kiebrania!

Subiri. Sabato hatuandiki, si ndiyo? Rabi akaniita pembeni: "Binti, wewe una kichwa chepesi. Zishike ahadi zote, jioni umtumie katibu." Mimi! Eti mimi!

Nikamwambia, "Na mimi je, Rabi?"

Akashangaa kweli. "Kumbe nawe unataka kwenda? Mbona hujasema?"

Mbona sijasema, Tirtsa. Mbona sijasema!

Sasa katibu ananiuliza nani kaahidi ada. Ni mzee Feivel, namkumbuka mpaka rangi ya tai yake. Nimeandika "sikumbuki".

Sijatuma. Nipigie kabla kidole hakijateleza.