Palipobaki Chaki

Kwako Baba,

Leo nimeinuka na kukaa hadi Mama ameniuliza kama nimekalia siafu.

Tasnifu yangu ya hisabati yatakiwa Ijumaa. Inahusu vyuma viwili vinavyogusana: joto linavyovuka kutoka kimoja hadi kingine, linavyovitanua, na kutanuka huko kunavyobadilisha mgusano wenyewe. Msimamizi wangu ameisifu. Milinganyo imekubali, michoro inapendeza. Nami najua ina kosa.

Wakumbuka gereji yako ya Miritini? Nilikuja na sare ya shule, ukanipa kazi ya kupaka chaki kwenye viatu vya breki, vile vinavyobana dramu, kile chuma cha mviringo cha gurudumu, kutoka ndani. Unafunga, unazungusha gurudumu, unafungua. Palipogusa, chaki imefutika; palipobaki chaki, hapakugusa. Na daima ilibaki, hata kwa breki mpya. "Usidanganyike, mwanangu," ulisema. "Vyashikana kwa madoa madoa tu."

Mimi nimeandika kwamba vinagusana kote. Ukurasa wa kumi na mbili, mstari mmoja, kwa sababu hesabu inakuwa nyepesi. Mstari huo umeninyima usingizi na hamu ya kula.

Kisha namkumbuka yule dereva wa lori aliyefika dramu zikinuka moto, akitaka breki zikazwe papo hapo.

"Mzee, kaza tu, meli inangoja!"

"Zipoe kwanza, bwana. Chuma cha moto kimetanuka. Nikikaza sasa, kikipoa kitanywea na breki zitakukamata njiani."

Alitukana, akaenda kwa jirani. Siku hiyo hakuja mteja mwingine, nami nikakuita mbishi mbele ya mafundi wenzako. Ulifuta mikono, ukarudi kazini. Sikukuomba radhi hadi tukakuzika, na bado naona aibu.

Asubuhi nimemwandikia msimamizi kwamba siwasilishi. Nimemweleza ile chaki, na kwamba nataka kuanza upya kutoka ukurasa wa kumi na mbili. Huenda nikakosa kuhitimu mwaka huu. Hajajibu. Simu naiweka kifudifudi, naigeuza, natoka uani, narudi.

Nisamehe, Baba. Hukuwa mbishi.

Mama ameniambia tena nikae. Kukaa kumenishinda, lakini kungoja nitangoja.

Bintiyo,
mpakaji chaki wako