Ukurasa wa Vibao vya Shianda

Leeds, Uingereza
7 Februari 1999

Mjomba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, isipokuwa midomo inayopasuka kila asubuhi. Natumai wewe na Anti Christine hamjambo, na lile goti limeacha kukusumbua. Miwa ya kwa jirani Were imekatwa, au bado mnangoja trekta?

Mjomba, nina jambo. Unakumbuka Agosti nilipokuja, nikazunguka Shianda na kamera nikipiga picha vibao ulivyochora madukani, mpaka watu wakaniuliza kama nimetumwa na serikali? Zile picha zimepata kazi. Chuoni tumeambiwa kila mtu atengeneze tovuti, yaani kurasa ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta iliyounganishwa na simu anaweza kuzifungua, awe Leeds au Kakamega. Wenzangu wametengeneza za mpira na za wanamuziki. Mimi nimetengeneza ya vibao vyako. Picha ni tisa: kinyozi, fundi wa baiskeli, duka la dawa, hoteli ya Navalayo, zote. Chini ya kila moja nimeandika: Kazi ya Shikanga.

Halafu nimeipamba! Kuna mavazi ya ukurasa ambayo yameshashonwa, wenyewe wanayaita thimu. Unachagua moja na ukurasa mzima unalivaa: rangi ya nyuma, vitufe vya kubonyeza, maandishi, kila kitu. Nimechagua moja linaloitwa "Afrika". Mwalimu amelisifu mbele ya darasa.

Nasikia Kakamega mjini, karibu na posta, bwana mmoja anayeitwa Titus amefungua ofisi yenye intaneti. Anwani ya ukurasa nimeiandika kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii. Mpe tu, atajua la kufanya. Umenilea tangu Mama alipofariki, ukanibeba kwenye baiskeli katikati ya mikebe ya rangi, na sijawahi kukuletea kitu cha maana. Hiki ndicho.

Mpwa wako,
Musimbi


Shianda
14 Machi 1999

Mpwa wangu Musimbi,

Mulembe. Barua yako ilifika, na sisi ni wazima. Goti ni goti. Miwa ya Were bado iko shambani, imeanza kukauka, naye anakauka nayo.

Nilienda Kakamega Jumanne nikiwa na koti la kanisani. Anti Christine akasema hawezi kubaki nyumbani wakati mimi naenda kujiona kwenye mashine. Titus akatuwekea viti, akaandika ile anwani. Kompyuta ikalia kama jogoo mwenye mafua, halafu ikanyamaza.

Ikaanza ngozi ya chui. Haikuja yote mara moja, ilishuka kidogo kidogo kutoka juu kama mtu anayeteremsha pazia. Tukangoja. Ukaja moto unaochezacheza. Tukangoja tena. Ikaja ngoma moja. Anti Christine akaniuliza, "Na vibao viko wapi?" Titus akajikuna kichwa. "Mzee, ukurasa huu ni mzito. Umevaa nguo nyingi." Baada ya nusu saa laini ya simu ikakatika. Akajaribu tena, akaanza kushuka chui yuleyule.

Sijaona kibao hata kimoja, mwanangu.

Usikasirike nikikuambia. Mimi nina miaka hamsini na minane na sijawahi kukutana na chui Shianda. Hata ile ngoma yenyewe si isukuti yetu. Na kuna jambo nililokuwanga nakuambia ukiwa mdogo, labda ulikuwa unachezea brashi hukusikia. Kibao kinasomwa na mtu aliye juu ya baiskeli, anateremka mlima, nyuma yake trekta ya miwa inapiga honi. Huyo mtu hana wakati. Unampa herufi kwanza. Ukibakiwa na nafasi, ndipo unamwekea ua.

Hapa kuna mambo. Kampuni fulani ya sabuni imekuja. Inapaka maduka yote bure, kuanzia barabarani hadi sokoni, buluu moja kwa wote, na jina lake kubwa juu. Wenye maduka wamefurahi. Wananitaka mimi ndiye niwe fundi. Sijawajibu.

Mjomba wako,
Shikanga


Leeds
11 Aprili 1999

Mjomba mpendwa,

Natumai barua hii inawakuta salama, na mvua imenyesha. Mimi sijambo.

Sitakuficha, barua yako iliniuma. Niliiweka chini ya mto siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwa rafiki yangu ambaye kompyuta yake inatumia simu ya kawaida ya nyumbani, nikafungua ukurasa wangu mwenyewe. Chuoni hufunguka kabla hujapepesa macho, maana laini yetu ni nene. Pale kwa rafiki yangu nilikunywa chai, nikaosha kikombe, nikarudi nikakuta bado ni chui.

Basi nikakaa nikalifumua lile vazi uzi kwa uzi. Kumbe ngozi ya chui ni picha. Kila kitufe ni picha. Moto ni picha kumi na mbili zinazofuatana. Kichwa cha ukurasa, ambacho nilidhani ni maandishi, nacho ni picha. Kila moja inasafiri peke yake kwenye waya, na wewe umekaa kwa Titus unazingoja zote, vitu ambavyo sikuvipiga mimi wala hukuvichora wewe. Vibao vyako vilikuwa nyuma kabisa kwenye foleni.

Nimelivua lote. Sasa nyuma ni peupe, herufi ni nyeusi, na picha zako nimezipunguza ukubwa. Maneno yanakuja kwanza, picha zinafuata. Kwa rafiki yangu imechukua chini ya dakika moja. Mwalimu ameniuliza kwa nini nimeharibu kazi nzuri, na mtihani ni Juni. Sijui atanipa nini.

Nenda tena kwa Titus, tafadhali. Na je, uliwajibu wale wa sabuni?

Mpwa wako,
Musimbi


Shianda
20 Juni 1999

Mpwa wangu,

Mulembe. Nisamehe kimya changu. Anti Christine ni mzima, mahindi yamefika kiunoni, na mimi pia ni mzima wa mwili.

Nimeuona ukurasa wako. Ulifika kabla sijavaa miwani. Titus alicheka, akasema, "Sasa huyu mtoto amejua." Niliona jina langu na herufi zangu, nyuma peupe kama ukuta niliotoka kuupaka chokaa. Anti Christine alikuwa anasoma kwa sauti, na watu waliokuja kupiga chapa barua zao wakasimama kutazama. Kinyozi. Baiskeli. Nilikuwa nafurahi, Musimbi, nataka ujue hivyo kabla sijaendelea.

Halafu ikaja ya sita, ile ingokho, yule kuku wa ukutani kwenye hoteli ya Navalayo. Niliangalia nikamwambia Titus asiiondoe. Kuku wangu wote wanatazama kushoto. Mimi naanzia mdomo, mkono wangu wa kulia unavuta kwenda mkiani, siwezi kuchora vingine. Huyu anatazama kulia, tena amenyanyua mguu mmoja kama anayekanyaga tope. Huyo si wangu. Ni mkono wa mashoto.

Mama yako alikuwa mashoto.

Mwaka wa sabini na saba nilianguka kutoka ngazini, nikalazwa Mukumu na mkono umevunjika. Kazi za watu nilikuwa nimezianza. Dada yangu Namalwa alichukua brashi zangu akazimaliza, alfajiri kabla soko halijajaa, kwa sababu watu wangecheka mwanamke akiwa juu ya ngazi. Nilipotoka aliniambia, "Nimekumalizia, usiulize ni zipi." Sikuuliza. Miaka yote hii nimepita pale nikidhani ni kazi yangu iliyofifia.

Sasa ngoja nikuambie lile lililonifanya nikae kimya. Niliwakubalia wale wa sabuni. Mwezi wa tano nilipaka Shianda yote buluu. Ukuta wa Navalayo niliupaka mwenyewe, Ijumaa, kwa rola, bila kuutazama, kwa maana ukitazama mkono unakataa. Kwa Titus nilikwenda wiki mbili baadaye.

Mjomba wako,
Shikanga


Shianda
8 Agosti 1999

Musimbi mwanangu,

Mulembe. Sijapata barua yako. Labda posta imeipoteza. Sisi tupo. Kazi ya sabuni nimeiacha, wengine wanaendelea nayo kule Mayoni. Anti Christine anauliza kila siku kama nimepita posta. Napita.

Mjomba


Leeds
12 Septemba 1999

Mjomba,

Natumai nyote ni wazima. Posta haijapoteza kitu. Sikuandika.

Nilikuwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi. Mama sina picha yake hata moja isipokuwa ile ya kipande, yaani kitambulisho chake, iliyofifia. Kumbe alikuwa ukutani, na nilikuwa napita chini yake nikienda kununua mandazi. Nikawa najiuliza, iwapo ukurasa wangu ungekuwa mwepesi tangu Machi, ungemwona kuku yule kabla ya Mei. Wewe ulipaka, lakini mimi ndiye niliyekuletea chui. Nilipofika hapo, hasira ikakosa pa kukaa.

Mtihani nilipita kwa alama za wastani. Mwalimu alisema ukurasa hauna urembo. Nikamwambia kuna mzee Kakamega aliyeusoma na kumtambua dada yake. Alama hakubadilisha. Sawa tu.

Negativu za picha ninazo. Nimeisafisha ile ya sita kwa ukubwa, na ninakutumia humu. Usiichore upya popote, tafadhali, iache ilivyo. Maneno ya chini nimebadilisha. Sasa yanasema: Kazi ya Namalwa, 1977.

Nisamehe kimya changu. Niambie alikuwa anashikaje brashi.

Mpwa wako,
Musimbi


Shianda
24 Oktoba 1999

Mpwa wangu Musimbi,

Mulembe sana. Barua imefika na Anti Christine amelia, kisha amechinja kuku kana kwamba umefika wewe mwenyewe. Picha iko ukutani juu ya redio.

Brashi aliishika mbali na manyoya, karibu na ncha ya mpini, kama mtu anayeshika fimbo ya kuchunga ndama. Nilimkemea sana kwa hilo. Na alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa kukosea maneno makusudi.

Tangu nilipopata barua yako nimekuwa nikitembea na Anti Christine kutazama kuta. Nje hakuna kitu tena, ni buluu tu hadi Mayoni. Ndipo akasema, "Mbona hatuingii ndani?" Kampuni hupaka nje tu. Tukaanza kuwaomba watu watufungulie. Wengine walidhani tumechanganyikiwa.

Jumatano tulifika kwa Barnaba, yule mwenye kinu cha kusaga mahindi huko Mayoni. Ukuta wake wa ndani una unga wa miaka. Nilipangusa kwa kitambaa, polepole. Zikatoka herufi: PANGENI FOLENI MAMA ZETU. Chini yake mwanamke amebeba debe kichwani, anatazama kulia. Amemshika mkono mtoto mwenye gauni la maua, na mtoto amefungua mdomo wote.

Nikamwuliza Barnaba mtoto anafanya nini.

"Analia," akasema. "Alikuwa anaogopa kelele ya kinu. Mama yake alimsimamisha pale kwenye gunia, akawa anamchora na kumbembeleza kwa wakati mmoja. Si ndiye huyo aliye Ulaya sasa?"

Barnaba anasema ukuta hauguswi maadamu yeye yuko hai. Osundwa wa studio alikuja na kamera yake na taa. Picha iko ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa kadibodi isijikunje.

Iweke kwenye ukurasa wako, lakini hii usiipunguze. Iweke yote jinsi ilivyo kubwa, hata ikiwa nzito. Nimeshamwambia Titus. Tutakwenda kwake na Anti Christine asubuhi, tutakaa, na ishuke taratibu inavyotaka.

Mjomba wako,
Shikanga