Bunduki Zimetoka Sokoni

Mocímboa da Praia
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa miezi yote niliyokaa kimya, uzipokee zote kwa pamoja. Goti linaendeleaje? Kaka aliniambia siku hizi unasali umekaa kwenye kiti. Nikalia kidogo, halafu nikacheka, maana najua umejichagulia kile kiti kizuri cha sebuleni na hakuna anayethubutu kukikalia tena. Sisi huku wazima. Mume wangu Abdala bado anapakua mizigo bandarini, mgongo unamsumbua ila kazi ipo. Na mimi nipo palepale sokoni na meza yangu ya chai, uji na maandazi.

Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu habari hii ni ndefu, na simu huku hukatika katikati ya neno. Anayekuletea ni mke wa jirani yangu, anavuka Ruvuma kuja Mtwara kwa matibabu. Mwambie kaka akusomee polepole, wala asiruke mahali pa kutisha, kwa kuwa mwisho wake ni mwema. Tumeshinda, mama.

Unakumbuka nilikwambia kwamba tuliporudi mjini, baada ya kukimbizwa na wale watu wa porini, kila bairo, yaani kila mtaa, lilipata walinzi wake. Ni watu wetu wenyewe, wavuvi na wakulima waliopewa bunduki. Shemeji Saidi, mdogo wake Abdala, ni mmoja wao. Hakuna asiyewashukuru. Lakini bunduki zile zikaanza kuingia kila mahali: sokoni, kwenye foleni ya zahanati, hata harusini. Mtu anachagua nyanya, bunduki inaning'inia begani, mdomo wake umemwelekea mtoto aliyebebwa mgongoni na mwanamke wa nyuma. Walinzi waliipenda meza yangu. Wakija kunywa chai waliziegemeza bunduki kwenye benchi kama watu wanavyoegemeza miavuli. Wanawake wakaanza kupita mbali na meza yangu. Wale wa kisiwa cha Macaloe, wanaotuletea pweza na samaki wakavu, wakaacha kuja kabisa. Walisema wao wakiona bunduki hawajui ni ya nani, na hawana muda wa kuuliza.

Mjini watu wakabishana. Abdala alisema, "Bunduki ikionekana, adui anaogopa." Mama Atija, muuza khanga ambaye ndiye kiongozi wetu wanawake wa sokoni, akamjibu, "Adui yuko porini, haioni. Anayeiona ni mimi." Maneno yakaishia hapo, kila mtu na msimamo wake.

Mpaka ile asubuhi. Saidi alikuwa amekaa kwangu anakunywa uji, bunduki yake imeegemea benchi. Mteja mmoja akavuta benchi ili akae. Bunduki ikaanguka, ikalia. Risasi ilitoboa sufuria langu la uji ikatokea juu, kwenye bati. Hakupigwa mtu, alhamdulillahi. Lakini watu hawakungoja kuambiwa hivyo. Mama, soko zima lilikimbia. Bibi mmoja muuza mihogo alikanyagwa akavunjika mkono. Mimi sikumbuki nilipita wapi. Nilijikuta nimesimama baharini, maji kiunoni, mwiko bado uko mkononi. Pembeni yangu kulikuwa na watu wengi nao wamesimama majini, kimya, wote wanatazama nchi kavu wakingoja kuona moshi. Hivyo ndivyo tulivyosimama mara ile ya kwanza, watu wa porini walipotuvamia. Abdala ndiye aliyekuja kutoka bandarini akinitafuta, akanishika mkono. "Toka majini," akasema. "Ni bunduki ya Saidi. Imeanguka tu."

Imeanguka tu!

Kesho yake Saidi alikuja nyumbani na sufuria jipya. Hakuweza kunitazama usoni.

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe, na sufuria nimelipokea. Ila bunduki usiilete tena mezani kwangu."

"Niombe kingine chochote," akasema, akaondoka bila kunywa hata maji.

Ndipo Mama Atija alipotukusanya. Tukaenda kwa shefe, mkuu wa bairo letu, tukamwambia hatufungui meza mpaka aitishe mkutano. Siku tatu soko likawa tupu, wanaume wanahangaika kutafuta cha kutafuna asubuhi. Nyumbani Abdala alinikasirikia. "Mnawaudhi watu wanaotulinda. Wakituacha, mtafanya nini?" Swali lake lilinisumbua kwa sababu lilikuwa swali la haki. Mimi pia nilikuwa naogopa kuachwa.

Mkutano ulifanyika bandarini, kwenye banda la kushushia samaki. Walikuja watu wengi hata wengine wakasimama juani. Komandante wa walinzi alisema kwanza. Ni mtu mzima, si mkali, lakini amezoea kutiiwa. Akasema bunduki iliyofichwa haimlindi mtu, na kwamba hawezi kupangiwa kazi na wauza maandazi. Baadhi ya watu wakacheka. Nikahisi masikio yanawaka moto.

Kisha Saidi akasimama. Akasema, "Walipokuja mara ile, mkononi nilikuwa na kisu cha kuparua samaki. Fatima aliniita. Nilimsikia, na sikuweza kufanya kitu. Nimeapa mkono wangu hautakuwa mtupu tena." Fatima alikuwa mke wake, mama, yule uliyemfumia kofia ya mtoto wake wa kwanza. Hata Mama Atija, ambaye hajawahi kukosa neno, alitazama chini.

Nikaona tumeshindwa. Na sijui nini kiliniinua, mama, maana wewe unanijua, mimi hata kwenye maulidi husukumwa kwanza ndipo niitikie. Nikajikuta nimesimama.

"Shemeji," nikasema, "sikuombi mkono wako uwe mtupu. Fatima alikuwa kama dada yangu. Siku ile walikuja kwa barabara ya juu, sote tunajua, na hapakuwa na mtu pale wa kuwaona. Leo tuna watu wenye bunduki, na barabara ya juu bado haina mtu, kwa sababu wote mko mezani kwangu mnakunywa chai. Simama pale ambapo Fatima angekuhitaji. Chai nitakuletea mwenyewe."

Sikuwa nimeyapanga maneno hayo.

Komandante hakucheka tena. Akauliza, "Na sisi tukiingia sokoni kununua mahitaji yetu?" Mama Atija akapata sauti yake. "Mwingie kama wanunuzi. Bunduki ibaki kwenye chumba cha mlango wa soko na mwenzenu mmoja, mkitoka mnaichukua. Na zahanati iwe hivyohivyo." Mzee mmoja akapinga, akasema siku ya hatari watakimbilia chumbani kutafuta funguo. Komandante mwenyewe akamjibu kwamba walio barabarani watakuwa nazo mikononi. Pale nikajua ameanza kuwa upande wetu, ingawa uso wake haukuonyesha.

Shefe akasema tusiinue mikono, tutembee. Wanaotaka bunduki zitoke sokoni waende upande wa bahari, wengine upande wa mjini. Wanawake tukaenda sote. Wanaume wakaanza kuja mmojammoja. Abdala alisimama katikati anajikuna shingo, halafu akaja, akasimama karibu nami. Saidi alibaki pale alipokuwa. Sote tulimtazama. Mwishowe akaivua bunduki begani, akampa komandante mkononi, akavuka. Walinzi wenzake wakamfuata. Upande wa mjini wakabaki watu wa kuhesabika, na yule mzee akiwa mbele yao, amekunja mikono. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka mabaharia wakatoka kwenye mashua zao kuuliza nani kaoa!

Tangu siku ile walinzi wako barabarani, juu na chini. Wiki iliyopita lori moja lilikuja kwa kasi bila taa wala honi, wakalisimamisha mbali kabisa na nyumba. Kumbe breki zimekufa, dereva amebeba nazi na anaomba Mungu. Sisi sokoni hatukujua chochote hadi tulipohadithiwa mchana. Yule mzee alikuja mezani kwangu, akaagiza chai, akasema, "Haya, mmenishinda." Nikampa andazi la ziada.

Wanawake wa Macaloe wamerudi. Meza ya samaki imejaa hadi njiani, na bibi wa mihogo anauza kwa mkono mmoja na kugombana kwa mdomo mzima. Saidi nampelekea chai barabarani kama nilivyoahidi. Siku za zamu ya wenzake huja mwenyewe kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu turudi nimemwona anashika kikombe kwa mikono miwili. Jana ameniambia chai ina sukari kidogo mno. Nimemjibu anyamaze anywe.

Nisalimie kaka anayekusomea, na wifi yangu anayekupikia. Mjomba fundi baiskeli mpe salamu zake peke yake, asije akalalamika. Shangazi aliyenifundisha kukanda unga mwambie mkono wake unalisha walinzi. Mwalimu wangu wa madrasa naomba dua yake, atuombee sote tulio hai na Fatima aliyetangulia.

Naandika hapahapa mezani. Sasa hivi nyuma yangu mtu ameangusha debe tupu juu ya saruji, limelia kweli. Watu wote wamegeuka. Wamemwona aliyeliangusha, amesimama na aibu yake, wakaanza kumcheka. Hakuna aliyekimbia, mama. Hata mimi, nimekaa.

Ni mimi mwanao wa mwisho, mwenye kukupenda na kukukumbuka,
Mwanaisha