Mpaka Presha Ishuke

Suji, 4 Mei 1954

Mwanangu Gideoni,

Hujambo huko hospitalini unakomuuguza baba yako? Sisi tunapumua, ila bibi yako hainuki kitandani na mimi siwezi kumwacha. Ameongea? Tangu tumzike dada yako mdomo wake umefungwa, na uji wa hospitali nasikia anautema. Jirani yetu Elirehema, yule wa vitunguu, anapanda treni leo. Nimempa mahindi, maharage na magadi. Mpikie makande. Magadi tia ya kutosha, unamjua baba yako. Huo umeme wa kichwani wanaotaka kumtibu nao nauogopa, lakini kama utamrudishia kauli, wampe.

Mama yako

Hospitalini, 23 Mei 1954

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Makande baba anakula, tena analamba kijiko. Shida ni umeme. Kila wakitaka kumtibu, daktari humfunga mpira mkononi, hupima presha, ile nguvu ya damu, kisha humrudisha kitandani. Anasema umeme ukipita moyo hukimbia na presha hupanda ghafla. Ikiwa tayari iko juu, mshipa waweza kupasuka au moyo kusimama. Jana muuguzi Esta alifunua sufuria yangu. "Kijana, unampikia mzee au unampikia ng'ombe?" Anasema magadi ni kama chumvi tu, ndiyo yanayoishikilia presha. Leo nimepika bila magadi. Baba amegeukia ukutani.

Mwanao Gideoni

Suji, 2 Juni 1954

Mwanangu,

Salamu. Barua yako imenikosesha usingizi. Kumbe mkono wangu ndio uliomzuilia dawa. Nikituma magadi hatibiwi, nisipotuma hali chakula. Niende wapi mimi? Shangazi yako Koleta anasema kaka yake ni mkaidi tangu tumboni, njaa itamshinda. Mimi nimeishi naye, haimshindi. Chemsha maharage bila magadi mpaka yavurugike, umwambie yamepikwa na mkewe.

Mama yako

Hospitalini, 14 Juni 1954

Mama,

Shikamoo. Nilimwambia. Akaonja, akakutaja jina, akasema, "Eliwaza hapiki hivi." Mama, aliongea. Kisha akanyamaza tena, na sasa hata maji ni ya kulazimishwa. Presha imeshuka, lakini daktari anasema moyo umechoka kwa njaa. Umeme unaweza kumwamsha, unaweza kummaliza. Baba hawezi kungoja sana. Daktari anataka neno la nyumbani, ndiyo au hapana, nami siwezi kulisema.

Gideoni

Suji, 19 Juni 1954

Gideoni mwanangu,

Za huku nitakusimulia. Mwambie daktari ndiyo. Nimeliandika kwanza nisije nikageuka. Wampime, na mtu amshike mshipa wa mkono mpaka moyo utulie. Akizinduka usimuulize kitu, mwambie tu mkewe yuko njiani.

Elirehema anashuka Same sasa hivi na barua hii, apande treni ya leo. Koleta amekubali kukaa na bibi, kwa manung'uniko yake. Mimi napanda treni ya kesho. Sijui nitakuta nini, na sitaki kukisoma kwenye karatasi. Usinijibu.

Mama yako