Bomba Lililosukwa Twende Kilioni

Dada Anjela, Morogoro mko salama? Mdogo wako niko kambini nje ya Johanesbagi, nalala kwenye karavani, nyumba ya matairi inayovutwa na gari, kama waziri vile. Ila baridi ya huku usipime! Usiku maji yanaganda ndani ya mabomba. Jana jioni Baba Neema, mume wa shangazi, akanitangazia: "Bomba likiganda, utabeba ndoo kutoka bwawani, msomi wa darasa la saba wewe!"

Blanketi la ziada la kufunika bomba hatuna. Nikafungua begi la saluni la shangazi, nikatoa rasta za wateja, nikalisuka bomba twende kilioni kama ulivyonifundisha, halafu nikalifunga mifuko ya plastiki. Baba Neema alicheka mpaka akakohoa. "Linaolewa lini?"

Asubuhi nyasi nyeupe pee, maji yetu yanatiririka! Jirani, mzee wa Kizungu aliyevaa kaptula kwenye baridi hiyo, akaja na mkewe na birika tupu. Bomba lao limekuwa jiwe.

"Eish! Fundi wenu nani?"

"Mimi," akadakia Baba Neema, bila haya.

Shangazi yeye alizitambua rasta zake. Alishavua ndala, nami nilishachagua pa kukimbilia, ndipo mke wa jirani akashika nywele zake akauliza kama naye anaweza kusukwa vile. Ndala ikarudi mguuni. Sasa hivi anasukwa, mimi nimeshika chanuo.

Mkumbatie mama. Nimewakumbuka wote, hata makelele yako.

Fundi bomba wako,
Side