Mama Aliyeoka Ile Mikate Mitano

Mpendwa mshauri, nakusalimu kwa heshima na naomba msaada wako wa haraka, kwa sababu Jumapili ya akina mama inakaribia kanisani kwetu na mimi usingizi umenihama kabisa.

Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa na fundi bomba, tuna watoto wawili, na kila Jumapili nafundisha watoto kanisani, kazi niliyoangukiwa nayo kwa sababu siku ya kugawana majukumu nilichelewa kufika nikakuta wenzangu wameshachukua yote ya maana. Kwa muda mrefu nilikuwa nafundisha kama mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa maji, Nuhu akajenga safina, asanteni, Yona akamezwa na samaki, asanteni, halafu tunaimba, tunagawana biskuti, kila mtu kwao.

Basi juzijuzi mwalimu wetu wa kwaya akaniambia kuna mkutano wa mwisho wa wiki wa Wakristo wanaopenda sanaa, wachoraji, watunzi wa nyimbo, wafinyanzi, watu wa maigizo, wanakaa pamoja kujiuliza imani na ubunifu vinakutana wapi, na nafasi moja imebaki kama naitaka. Baba mkwe wangu, ambaye ni mzee wa kanisa na neno lake si la kuchezewa, akasema pale pale mezani, "Mwanangu, kuwaza mambo ambayo hayakuwepo kuna jina lake. Kunaitwa uongo." Nilikunja nguo zangu nikaenda.

Mshauri, mkutano ule sijui nikuelezeje. Tulikaribishwa kwenye chuo cha ualimu ambacho wanafunzi wake walikuwa likizo, tukalala vitanda vya chuma vya juu na chini, mimi nikapewa cha juu, na chini yangu alilala muuguzi mstaafu anayetunga mashairi, anayasoma polepole kama anavyopima dawa, tone kwa tone, ukisikiliza unaona anajua hasa panapouma. Asubuhi mfinyanzi mmoja akaweka gurudumu lake katikati ya darasa, hakuhubiri, akaanza kufinyanga chungu, chungu kikapinda, akakibonda chote, akaanza upya na udongo ule ule, na nyuma yangu mhasibu mmoja mwenye tai akaanza kulia waziwazi na hakuna aliyemwambia anyamaze wala kumuuliza ana nini. Halafu akasimama mchungaji ambaye ni mchoraji, kucha zimeingia rangi, akasema jambo la kwanza kabisa tunaloambiwa kuhusu Mungu ni kwamba aliumba, mambo ya kuhukumu yalikuja baadaye. Mimi nimekulia kanisani na sikuwahi kusikia likisemwa hivyo. Nilitamani kuinuka nikamkumbatie, ila nilimwonea aibu mke wake aliyekuwa amekaa pembeni yake.

Aliyenimaliza ni mama mmoja anayeandika michezo ya redio. Alituambia tuchukue habari ya Biblia tuliyoisikia mpaka tukaichoka, tuiingie kwa mlango wa jikoni, tuulize ni nani alikuwepo ila hakutajwa. Akasema pia, nakumbuka vizuri, kwamba mkitoka kwenye maandiko mkaingia kwenye mawazo yenu, waambieni wanaowasikiliza kwamba mnatoka. Nikatikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Mshauri, kichwa kilitikisika bure.

Niliporudi, somo la watoto lilikuwa lile la Yesu kulisha maelfu kwa mikate mitano na samaki wawili alivyokuwa navyo mtoto mmoja. Darasa letu ni stoo ya viti nyuma ya kanisa, watoto wanakaa juu ya mikeka, na mimi nikajiuliza kwa sauti, hivi mikate ile ilitoka wapi. Nikaanza kusimulia habari za mama yake yule mtoto, alivyoamka mapema kuliko wote, alivyokanda unga huku anawaza mengine, alivyofunga chakula kwenye kitambaa, na mtoto akakipokea akatoka mbio bila kuaga, maana watoto ndivyo walivyo. Watoto wakatulia ajabu, hata yule anayeng'ata kola ya shati lake akaiachia, na utulivu ule ukanipanda kichwani. Nikasema Yesu alipoishika mikate aliinusa, akamuuliza mtoto, "Nani ameioka?" Mtoto akasema, "Mama." Yesu akamwambia, "Ukirudi nyumbani, kamsalimie."

Hayo hayakuandikwa popote, nilijua hivyo hata wakati nayatamka, ila yalitoka vizuri mno nikayaacha yaende.

Watoto wakayapeleka nyumbani. Akina mama wa kanisa wakayapenda kupita kiasi, sasa wakikutana njiani mmoja anamwambia mwenzake, "Umesalimiwa," na mwingine anajibu, "Na wewe pia," na kikundi chao cha kupika na kupelekea wagonjwa chakula wamekiita Mama wa Mikate. Nilikuwa najiambia hakuna ubaya, watu wamefurahi, mimi ni nani niwatilie mchanga.

Lakini kuna dada mmoja tunamwita Mama Dobi, kwa sababu anafua mashuka ya hospitali. Mwanawe wa pekee aligombana naye, akaondoka nyumbani asubuhi na chakula alichofungiwa na mama yake, hakuaga, na tangu siku hiyo hakuna habari yake, si barua wala simu. Huyu dada alikuwa anakuja kanisani anakaa karibu na mlango, anaondoka kabla ya kufunga ibada, na sisi tuliona ni heshima kutomgusia habari ya mtoto. Jumapili iliyopita akasimama. Alishika kiti cha mbele yake akasema, "Mimi nilifunga chakula na sijui kililiwa wapi. Nilidhani Mungu hakuniona siku ile. Lakini kama Yesu alimuuliza mtoto habari za mama yake, basi na mimi anazijua habari zangu." Akakaa. Kanisa zima lililia, na mimi nililia kuliko wote, tena machozi yangu hayakuwa ya aina moja na yao.

Kama hilo halitoshi, baba mkwe amegeuka. Mzee aliyesema kuwaza ni uongo ameguswa kuliko mtu yeyote, amekubali mkutano ujao wa wale watu wa sanaa ufanyike kwenye ukumbi wa kanisa letu, na ameamua kuisoma habari ya "kamsalimie" mbele ya watu Jumapili ya akina mama. Kila jioni anavaa miwani na kuitafuta. Juzi aliniita akasema, "Mama, injili zote nne nimezipitia sijaiona. Nadhani Biblia yangu ni ya zamani sana. Hebu niazime yako." Nikamwambia yangu iko kanisani, na hapo, mshauri, ndipo nilipojichukia.

Mume wangu anasema ninyamaze tu, yatapita yenyewe. Nikisema kweli, baba mkwe ataona alikuwa sahihi tangu mwanzo, mkutano utafukuzwa mlangoni, na wale watu walionionyesha uzuri wa imani yangu wataitwa waongo kwa ajili yangu. Hilo naweza kulimeza. Lakini Mama Dobi nimfanyeje? Nitamnyang'anyaje kitu pekee kilichomfanya asimame? Nimefikiria hata kuacha darasa nisionekane tena. Nisaidie, nifanye nini?

Fundi wa mikate

*

Fundi wangu,

Barua yako nimeisoma jikoni nikaunguza chakula, kwa hiyo tunaanza ukiwa tayari una deni kwangu.

Kwanza nikusifu, kwa sababu unastahili na kwa sababu nikikukemea kwanza hutanisikia. Ulikwenda kwenye mkutano ambao watu wa nyumbani kwako waliubeza, ukarudi na macho mapya, ukaitazama mikate ambayo sisi wote tumeisikia tangu utotoni na ukaona kwamba kuna mtu aliioka. Mimi naenda kanisani kila wiki na sikuwahi kumuwaza mama huyo hata mara moja. Wale watu wa chuoni nawavulia kofia, mfinyanzi, muuguzi, na hasa yule mama wa redio, maana amekufundisha kitu ambacho wengi wetu tunazeeka bila kukijua. Kwa hiyo wazo la kuacha darasa liweke kando, sitaki kulisikia tena. Watoto wale wameshaonja, utawarudisha vipi kwenye tangazo la maji?

Sasa kaa vizuri.

Umeweka maneno kinywani mwa Bwana, binti, na hilo si dogo. Ungeishia jikoni kwa yule mama, kwenye unga na kitambaa, nisingekuwa na neno nawe. Lakini ulijua hayakuandikwa, ukaona watoto wametulia, ukanogewa. Yule mama wa redio alikupa mambo mawili, wewe ukabeba lile tamu ukaliacha la pili mezani. Halafu mzee wa watu anakesha na miwani anailaumu Biblia yake, na wewe unamwambia yako iko kanisani. Hadithi ilikuwa mawazo, sawa. Hilo la Biblia kuwa kanisani ndilo uongo mtupu, na hakuna msanii aliyekufundisha, ulijifundisha mwenyewe kwa hofu.

Mumeo mpenzi anakwambia unyamaze, yatapita. Muulize akiitwa kwenye nyumba yenye bomba linalovuja ndani ya ukuta huwa anamwambia mwenye nyumba hivyo hivyo.

Wewe ni fundi cherehani, hebu nikuulize la kazini kwako. Ukipiga bandi gauni la mteja, kulishikiza kwa muda kabla ya kulishona, unatumia uzi wa rangi gani? Wa rangi nyingine, ili kila mtu auone na asidhani ndio mshono wenyewe. Hakuna anayekuita tapeli kwa sababu ya uzi ule, na bila huo gauni halikai. Fanya vivyo hivyo darasani. Rudia somo lile lile Jumapili hii, ukifika kwenye mama wa mikate toka kwenye kiti chako, simama dirishani, waambie watoto, "Hapa nawaza." Ukimaliza kuwaza rudi kwenye kiti. Wataelewa upesi kuliko wazee, kisha wataomba na wao wasimame dirishani, na uwaruhusu.

Baba mkwe wako mweleze nyumbani, mkiwa wawili, usimpitishie kwa mumeo. Mwambie, "Baba, usiendelee kutafuta, haimo, niliitunga mimi na sikusema." Usianze kwa kujitetea wala kuwatetea watu wa mkutano. Akisema, "Nilikuonya," mkubalie, maana ni kweli alikuonya, ingawa hakukuonya juu ya jambo lenyewe. Ukimwona ametulia, mwombe asome yale yaliyoandikwa, kwamba mtoto alikuwa na mikate, kisha awaulize watu kanisani swali lile ulilojiuliza wewe, ilitoka wapi. Mzee aliyepitia injili nne kutafuta salamu ya mama hana moyo wa jiwe. Kuhusu ukumbi, akiwafungia mlango wale wageni, watakutana kwingine. Watu wanaoweza kulala vitanda vya chuma kwa ajili ya mashairi hawashindwi na mlango mmoja.

Ila kabla ya mzee na kabla ya watoto, nenda kwa Mama Dobi. Yeye ndiye wa kwanza, na ukimweka wa pili atasikia kwa watu uani, akianika mashuka yake, kwamba alisimama mbele ya kanisa zima kwa jambo la kubuni. Hilo hutaweza kulirekebisha. Nenda nyumbani kwake, usimpigie simu, usimvizie mlangoni pa kanisa. Usibebe zawadi pia, itaonekana unanunua.

Usimwambie "ilikuwa hadithi tu." Hilo "tu" ndilo litakalomuumiza. Mwambie maneno ya salamu uliyatunga wewe, haikuandikwa popote kwamba Bwana aliyasema, na ulikosea kutomwambia mtu. Mwambie mikate imeandikwa, na kwamba mikate haijioki. Kisha funga mdomo, najua ni kazi kwako. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Akikufukuza, ondoka, urudi siku inayofuata. Unaogopa kumnyang'anya kitu, lakini wewe hujui alishika nini siku ile aliposimama, huenda alishika kitu kikubwa kuliko maneno yako, na huna ruhusa ya kumwamulia kwamba hawezi kuubeba ukweli. Amebeba mazito kuliko huo.

Na akikuuliza kama kweli Mungu alimwona asubuhi ile, hapo usitunge kitu. Mmekaa naye kanisa moja muda wote huu mkaona ni heshima kunyamaza, na katika barua yako nzima, ndefu kama ilivyo, yule kijana hana jina. Muulize mwanawe anaitwa nani. Muulize siku ile alimfungia chakula gani. Kaa, umsikilize mpaka amalize, halafu piga magoti pamoja naye na umwombee kijana huyo kwa jina lake.